Kubadili sili ya shafti inayovuja ukiwa nyumbani

Doa jekundu au la kahawia chini ya gari asubuhi si lazima liwe la sili ya shafti. Kwenye Toyota ndogo za kuvuta mbele, kama IST, Vitz na Corolla za otomatiki, eneo lile lile hudondoka vitu vingi, na sili hii husingiziwa mara nyingi kwa kosa la gasketi ya sampo (sahani ya chini ya gia boksi) au la mpira unaopeleka haidroliki, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, kwenye rejeta. Ukipandisha gari ukachomoa shafti isiyo na hatia, umejipa kazi ya siku nzima na kesho asubuhi doa liko pale pale.

Mwongozo huu ni wa gari la aina hiyo: injini imelala kwa upana, gia boksi iko upande wa abiria, shafti mbili zinatoka gia boksi kwenda magurudumu ya mbele. Sili tunayoizungumzia ni ile pete ya raba yenye chuma ndani, inayokaa pale shafti inapoingia gia boksi. Kama una Hiace, Hilux au Noah ya kuvuta nyuma, sili ya ekseli ya nyuma ni habari nyingine. Kule beringi mara nyingi imekandamizwa kwenye ekseli na inahitaji presi. Unaweza kuchomoa ekseli nyumbani ukaibeba kwenye bodaboda mpaka kwa mwenye presi, lakini usijaribu kuing'oa beringi kwa nyundo na tindo. Na kama oili imeshafika kwenye lainingi za breki, gari lisitoke getini mpaka lainingi zibadilishwe. Kuzipangusa kwa petroli hakusaidii, maana zimeshanyonya.

Jambo jingine kabla hatujaenda mbali: kama hujawahi hata kubadili pedi za breki kwa mkono wako, usianzie hapa. Tafuta mtu aliyewahi, mfanye wote.

Hakikisha kinachovuja ni nini

Kwa joto la Dar, AC ikifanya kazi lazima idondoshe maji. Hayana rangi, hayana utelezi, hayana harufu. Hayo yaache. Oili ya injini ni ya rangi ya asali ikiwa mpya na nyeusi ikichoka, na kwa kawaida huanzia upande wa dereva, ambako ndiko injini iliko. Grisi ya CV jointi, kile kiungo cha ncha ya shafti kinachojikunja, ni nzito na nyeusi. Haidondoki chini, inarushwa kwa mduara ndani ya rimu na kwenye shokapu, na ukiiona tatizo ni raba ya CV iliyochanika. Kimiminika chepesi chenye utelezi karibu na gurudumu kinaweza kuwa mafuta ya breki, na hapo usiendeshe kabisa. Haidroliki ya gia boksi ni nyekundu ikiwa mpya, halafu inakwenda kwenye kahawia kadiri inavyozeeka.

Ukishajua ni haidroliki, tafuta inakoanzia. Upepo wa mwendo huisukuma nyuma na chini, kwa hiyo sehemu iliyolowa sana mara nyingi siyo inayovuja. Osha eneo lote la gia boksi kwa petroli kidogo na brashi, injini ikiwa baridi na hakuna anayevuta sigara karibu, kisha suuza kwa maji ya sabuni na uache likauke. Zungusha gari mtaani nusu saa, likiingia kwenye foleni ndiyo vizuri zaidi maana joto linapanda, halafu rudi utandike boksi la karatasi chini yake. Ingia na tochi. Tafuta sehemu iliyolowa ya juu kabisa na ya mbele kabisa. Kama pale shafti inapoingia pamelowa kuanzia chini ya mdomo wa shafti, na juu yake ni pakavu, umempata. Kama unyevu unaanzia juu zaidi, fuata mipira na gasketi kwanza.

Sili haifi bure

Sili ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye kazi hii, na ndiyo maana watu huibadilisha bila kuuliza imeuawa na nini. Ikirudi kuvuja baada ya mwezi wanasema spea ilikuwa feki. Wakati mwingine kweli ilikuwa feki. Mara nyingi zaidi kuna kitu hakikuangaliwa.

Cha kwanza ni umri na joto. Raba ikikaa miaka mingi inakakamaa na mdomo wake unapoteza mbano. Hii ndiyo sababu nyepesi, sili mpya inaitibu. Cha pili ni tundu la kupumulia la gia boksi, kijibomba kidogo juu ya gia boksi, mara nyingi chenye kofia au mpira mfupi. Gari lililopita kwenye maji ya Jangwani au kwenye matope ya barabara za ndani kule Goba na Kinyerezi linaweza kuziba tundu hili. Haidroliki ikichemka hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sehemu dhaifu kuliko zote, yaani sili. Unaweza kuweka sili mpya ya Japani na bado ikavuja. Safisha tundu hilo, hakikisha kofia yake inacheza.

Cha tatu ni shafti yenyewe. Mdomo wa sili unakaa sehemu moja ya chuma maisha yote, na uchafu ukiingia unachimba mfereji. Cha nne ni mchezo: shika shafti karibu na gia boksi, itikise juu na chini. Kuhisi kidogo ni kawaida. Ikigonga kwa sauti, kuna beringi au bushi ya ndani iliyochoka, na sili haiwezi kufuata chuma kinachoyumba. Cha tano ni injini maunti, kishikio cha raba kinachobeba injini. Ikikatika, injini inakaa upande na shafti inaingia kwa pembe mbaya. Cha mwisho ni fundi aliyetangulia. Mtu aliyebadili CV jointi miezi michache nyuma akairudisha shafti kwa kulazimisha, meno ya shafti yakakwaruza mdomo wa sili wakati wa kuingia. Kama kuvuja kulianza baada ya kazi ya shafti, jibu unalo.

Vitu vya kuwa navyo

Kununua sili Kariakoo, pale Gerezani, au kwenye maduka ya spea Ilala, nenda na picha ya kibati cha chesi. Usiende na jina la gari peke yake. "Sili ya IST" haitoshi, kwa sababu sili ya kushoto na ya kulia mara nyingi ni tofauti, na aina ya gia boksi nayo inabadilisha namba. Sema upande: wa dereva au wa abiria. Sili ya kweli ina maandishi yaliyochapwa vizuri kwenye raba, mdomo laini unaorudi ukiubonyeza, na springi nyembamba inayozunguka ndani yake bila kulegea. NOK ni jina la Kijapani linalojulikana kwa sili, na kwa sababu hiyo hiyo linaigwa. Angalia maandishi na ulaini wa mdomo, usimuamini mchuuzi kwa boksi tu. Nunua na saklipi mpya ya ncha ya shafti (pete ndogo ya chuma inayoifunga shafti ndani ya gia boksi) na nati mpya ya haba, yaani ya kitovu cha gurudumu, zote ni vitu vya kubadili kila unapochomoa.

Haidroliki nayo iwe ile inayotakiwa. IST za umbo la kwanza, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, zinatumia ATF Type T-IV. Nyingi za umbo la pili, na Vitz nyingi za kuanzia 2005, ni CVT, gia boksi isiyo na gia za hatua, na zinataka oili ya CVT. Hizi mbili hazichanganywi, hata kijiko. Soma maandishi kwenye dipstiki au kwenye kitabu cha gari. Muuzaji akikwambia "hii inaingia zote", asante, nenda duka la pili.

Vifaa: jeki nzuri, jeki stendi mbili, boksi (soketi) namba 30 ya nati ya haba na 21 ya nati za tairi, namba 17 na 19, racheti, pawa ba au bomba refu la kuongezea nguvu, tindo ndogo, nyundo ya kawaida na ya raba, taimbo fupi bapa, bisibisi bapa kubwa, alenki namba 10 ya kufungulia haidroliki, dumu la lita tano lililokatwa ubavu, chupa tupu za maji za lita moja na nusu, faneli yenye mrija mrefu mwembamba, matambara safi yasiyotoa nyuzi, waya, na kipande cha bomba la PVC chenye upana unaokaribia upana wa nje wa sili.

Mahali pa kufanyia kazi

Hapa Dar inataka uangalifu wake. Nyumba nyingi zina mchanga uani, na jeki kwenye mchanga inazama upande mmoja bila kukupa taarifa. Tafuta sakafu ya zege au pevingi. Kama huna, weka ubao mpana mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, na ukanyage kwanza kuona kama unatulia. Tofali la saruji halibebi gari. Linaonekana gumu, kisha linapasuka lote kwa mara moja. Magurudumu ya nyuma yakingwe kwa mawe mbele na nyuma, hendibreki ivutwe. Ukishashusha gari kwenye stendi, lisukume kwa bega kabla hujaingia chini. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya bodi, likusaidie siku stendi ikikuangusha.

Upepo wa bahari ukianza mchana unarusha vumbi, kwa hiyo anza asubuhi mapema. Mchanga ukiingia kwenye tundu la gia boksi, sili itakuwa tatizo lako dogo kuliko yote. Kama unakaa karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, bolti zako zitakuwa zimeshika kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi.

Kuchomoa shafti

Kabla ya yote pima dipstiki ujue haidroliki imepungua kiasi gani. Kisha, gari likiwa bado chini, toa kifuniko cha katikati ya rimu. Utaona nati ya haba, na ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isifunguke. Inua ukingo huo kwa tindo, polepole, mpaka mfereji uonekane wote. Ukiruka hatua hii nati inatoka na nyuzi za shafti. Mtu akanyage breki, wewe fungua nati kwa boksi 30 na pawa ba. Legeza pia nati za tairi nusu mzunguko.

Pandisha gari, weka stendi, toa tairi. Fungua bolti ya kumwagia haidroliki na uikinge yote kwenye dumu. Imimine kwenye zile chupa za maji ili ujue umetoa lita ngapi. Usipopima hapa utabahatisha wakati wa kujaza. Angalia na bolti yenyewe: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole ni ugonjwa wa ndani ambao sili haitautibu.

Sasa ondoa kishikio cha mpira wa breki kwenye shokapu na waya wa ABS kama upo. Fungua stabilaiza linki ikikuzuia. Chukua rangi au kalamu ya kuandikia kwenye chuma, weka alama pale nako (chuma kinachobeba haba) inapokutana na shokapu, ili ikirudi ikae ilivyokuwa. Fungua zile bolti mbili kubwa. Zungusha nati, bolti ishikilie isizunguke. Nako itaegemea nje. Usiruhusu uzito wake uning'inie kwenye mpira wa breki. Ukiona mpira umekaza, fungua kalipa ya breki uifunge kwa waya kwenye springi.

Irudishe nati ya zamani ya haba ikiwa imegeuzwa, iwe sawa na ncha ya shafti, kisha gonga kwa nyundo ya raba ili shafti ianze kuachia haba. Ikiachia, toa nati, vuta nako nje na chomoa ncha ya shafti. Ishikilie shafti kwa mkono au kwa waya. Ikining'inia kwa pembe kali, jointi ya ndani inaachana na roli zake na raba inachanika. Na usivute shafti kwa katikati ukitegemea itatoka gia boksi. Haitoki, itaachana jointi.

Ya kuchomolea shafti kwenye gia boksi ni taimbo. Ingiza ncha yake kati ya kikombe cha jointi ya ndani na mwili wa gia boksi, uegemee sehemu nene ya chuma. Mwili wa gia boksi ni alumini, ukiegemea ukingo mwembamba unauvunja. Piga nguvu moja ya ghafla. Saklipi ya ndani itaachia kwa mlio mkavu na shafti itatoka kidogo. Weka beseni, maana haidroliki iliyobaki inakuja nayo. Sasa itoe taratibu kwa mikono miwili, ikiwa imenyooka, mpaka meno yote yatoke. Shafti ya upande wa dereva ni ndefu, inapita nyuma ya injini. Tafuta msaidizi.

Sili yenyewe

Kabla hujaigusa, chukua njiti ya kiberiti. Simamisha kichwa chake kwenye uso wa sili, weka alama kwa kucha pale inapokutana na ukingo wa tundu. Hicho ndicho kina cha sili yako, na sili mpya ikae hapo hapo. Gari nyingine sili inakuwa sawa na ukingo, nyingine imezama milimita mbili au tatu, na pande mbili za gia boksi moja zinaweza kutofautiana.

Sasa ing'oe. Ingiza bisibisi ndani ya mdomo wa sili, egemeza kwenye kipande cha mti, sukuma. Zunguka, vuta kila upande kidogo. Cha kulinda ni ukuta wa tundu. Mkwaruzo mmoja kwenye alumini pale sili inapokaa ni njia mpya ya oili. Ikitoka, ikunje mdomo wake kwa kidole. Ukiwa mgumu unang'aa na unapasuka kwa vistari, umri ndio umeiua. Ukiwa laini lakini umechanika sehemu moja, ni shafti iliyoingizwa vibaya. Ukiwa mzima kabisa, rudi kwenye tundu la kupumulia na mchezo wa shafti kabla hujaweka mpya.

Futa tundu kwa tambara safi mpaka liwe kavu. Kisha angalia shafti, ile sehemu laini ya kikombe ambapo mdomo wa sili unagusa. Pitisha kucha kukatiza. Kama kucha inateleza, vizuri. Kama inanasa, kuna mfereji. Ulio mdogo unaweza kuusugua kwa msasa laini wa 600 au zaidi, ukizungusha kufuata mzunguko wa shafti, kamwe si kwa urefu wake. Kama ni mkubwa, mafundi wazoefu hukalisha sili mpya milimita moja nje ya pale ilipokuwa, kama tundu linaruhusu, mdomo ukutane na chuma kipya. Kama hairuhusu, tafuta jointi ya ndani nyingine. Kwa jointi kamili ya mtumba iliyo nzuri, maduka ya spea za mtumba Ilala yanafaa kuliko mpya ya bei ya ajabu. Pitisha kucha pale pale dukani kabla ya kulipa.

Paka haidroliki kwenye mdomo wa sili mpya, na kidogo sana kwenye ukingo wa nje. Silikoni usipake. Upande wenye springi unaingia ndani, unatazama oili. Iweke kwa vidole, isimame sawa pande zote, weka sili ya zamani juu yake iwe kinga, kisha kipande cha PVC. Gonga kidogo kidogo ukizunguka. Ikikaribia kukaa sauti inabadilika kutoka pof kuwa ya kitu kigumu. Pima na njiti kila baada ya mapigo machache. Ikiingia upande, itoe uanze upya. Usijaribu kuinyoosha kwa kupiga upande uliobaki nyuma, maana chuma cha ndani kinapinda.

Kurudisha

Badili saklipi ya ncha ya shafti. Iweke mdomo wake wazi ukitazama chini, paka grisi ili ikae katikati. Futa meno ya shafti, yapake haidroliki. Hapa ndipo sili nyingi mpya hufia, kwa hiyo tulia. Msaidizi ashike shafti kwa usawa, wewe ielekeze ipite katikati ya sili bila meno kugusa mdomo, zungusha kidogo mpaka meno yashikane, kisha sukuma kwa nguvu moja. Utasikia saklipi ikiingia. Shika kikombe chenyewe, si shafti, uvute. Kikitoka milimita mbili au tatu kisha kikagoma, kimekaa. Kikitoka chote, rudia.

Rudisha ncha kwenye haba, nako kwenye shokapu ukifuata alama zako, kishikio cha breki, waya wa ABS, stabilaiza linki. Nati mpya ya haba kaza kwa mkono sasa, tairi liwekwe, gari lishuke, ndipo ukaze kwa nguvu yote. Kwenye Corolla na Vitz nyingi za miaka ya 2000 ukazo wa nati hii ni nyutoni mita 216, na nati za tairi ni 103. Huna spana ya kupima ukazo? Azima mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Ifunge kwenye bomba, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe mraba mpaka isome kilo 44. Hiyo ni 216. Nati za tairi, kwa umbali huo huo, kilo 21. Si usahihi wa maabara, ila ni bora mara mia kuliko "nimekaza mpaka ikalia". Bolti za shokapu nazo zina kipimo chake kwenye kitabu cha gari, usizisahau. Kisha gonga ukingo wa nati ya haba kwa tindo uingie kwenye mfereji wa shafti.

Kujaza na kupima

Fungia bolti ya kumwagia kwa washa mpya. Mimina kupitia bomba la dipstiki kiasi kile kile ulichopima kwenye chupa, ongeza kile kilichokuwa kimepungua ulipopima mwanzo, lakini bakiza kidogo. Haidroliki ikizidi inatoa povu, na povu halibani klachi vizuri. Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P mpaka ya mwisho na kurudi P. Endesha robo saa hivi mpaka gia boksi ipate moto. Simama mahali tambarare, injini ikiendelea kuzunguka, toa dipstiki, ifute, irudishe, itoe usome kwenye alama ya HOT. Ongeza kwa vijiko, si kwa glasi.

CVT zisizo na dipstiki hazipimwi hivi. Rudisha ulichotoa, kisha peleka gari kwenye gereji yenye kifaa cha kusoma joto la gia boksi, kiwango kiangaliwe pale kwenye bolti yake. Usiliendeshe mbali kabla ya hapo, hasa kama lilikuwa linavuja kwa muda mrefu.

Haidroliki chafu usimwage mtaroni. Mitaro ya mjini inaishia Msimbazi na baharini. Gereji nyingi hupokea oili chafu, na mafundi mbao wengine huiomba kwa ajili ya mchwa.

Bolti za shokapu zikishafunguliwa, hata ukifuata alama, peleka gari kwenye wili alaimenti. Usukani ukivuta upande mmoja au tairi likianza kuliwa ukingoni, sababu utaijua. Kaza tena nati za tairi baada ya siku chache za kutembea, na tandika boksi la karatasi asubuhi kwa wiki moja. Unyevu kidogo siku ya kwanza unaweza kuwa mabaki yaliyokwama kwenye bodi, ufute. Kama baada ya wiki pale pale pamelowa tena, tundu la kupumulia ni safi na shafti haina mfereji, basi kinachocheza ni bushi au beringi ndani ya gia boksi. Hiyo gia boksi inashushwa, na jeki ya nyumbani haitoshi.